Bei ya Kidogo Kidogo

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Halmashauri ya Tawi katika mkutano wa wanachama wa zamu zote mbili, Nairobi.)



Halmashauri ilipotangaza kwamba leo, baada ya habari za mkataba, kutakuwa na mazungumzo juu ya kutumia fedha kwa faida, wako walionung'unika. Tulimsikia mmoja pale langoni akisema, "Hawa nao wamegeuka kuwa walimu wa kushinda njaa? Sisi twataka nyongeza." Maneno hayo hatuyachukii. Tena twayaanza nayo, maana yana haki yake, na mtu asiyeyajibu hana ruhusa ya kusimama mbele ya wafanyakazi na kuwafundisha habari ya sukari na mafuta.

Kwa miaka mingi matajiri wamependa kusema kwamba mfanyakazi hakosi mshahara, hukosa akili ya kuutumia. Twawajibu kwa kumbukumbu zao wenyewe. Mwaka wa 1954, siku za ukoloni, Kamati ya Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika katika nchi hii, na ikaona kwamba mishahara ya mjini ilikuwa imepimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto. Ikapendekeza kima cha chini kipimwe kwa mahitaji ya mtu mwenye jamaa yake. Basi hiyo haikuwa sauti ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa kamati ya Serikali ya wakati ule. Shida ilikuwa mshahara. Hata leo shida ya kwanza ni mshahara, na hakuna neno tutakalosema hapa litakaloondoa shilingi moja katika madai yetu. Tajiri akija mezani akasema, "Mbona watu wako wamejifunza kununua vizuri, nyongeza ya nini?" tutamwambia kwamba kile ambacho mfanyakazi amekiokoa dukani ni jasho lake mara ya pili, si zawadi ya kampuni.

Kwa nini basi twazungumza? Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba fedha zile zile mnazozipigania mezani zinachukuliwa tena njiani kabla hazijafika sufuriani. Ya pili ni hii: siku za mgomo hazina mshahara. Mwanachama mwenye kilo kumi za maharagwe chini ya kitanda na asiyedaiwa na mtu anaweza kusimama na wenzake juma moja, mawili. Mwanachama anayedaiwa na duka, na simu, na jirani, siku ya tatu macho yake yako langoni. Hatumlaumu, watoto hula kila siku. Lakini tajiri naye ajua kuhesabu, na hujua katika tawi lipi watu wana akiba na katika lipi hawana.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Twataka mlione kwa macho, kwa hiyo tutatumia mafuta ya kupikia. Leo jioni, ukinunua mafuta ya kupima pale kibandani, usiyamimine sufuriani mara moja. Yamimine kwanza katika chupa yenye alama za kipimo, kama zile chupa za maziwa ya mtoto, uone ni mililita ngapi. Tuseme umelipa shilingi 20 ukapata mililita 50. Katika lita moja mna vipimo ishirini vya namna hiyo. Ishirini mara ishirini, lita yako ni shilingi 400. Sasa tuseme mtungi wa lita 20 kwa muuzaji wa jumla ni shilingi 5,600. Hapo lita ni shilingi 280. Nyumba itumiayo lita tatu kwa mwezi imelipa shilingi 360 zaidi kwa mafuta yale yale, ya kiwanda kile kile, pengine ya mtungi ule ule. Kwa mwaka ni shilingi 4,320. Bei hizi tumezitaja kwa mfano tu. Ninyi wekeni za mtaa wenu, za Mukuru si za Kaloleni. Bei zikibadilika, namna ya kuhesabu haibadiliki.

Yule anunuaye mtungi si mwerevu kuliko wewe. Ana shilingi 5,600 siku moja, basi. Wewe una shilingi 20 kila siku. Ndiyo maana twasema bei ya kidogo kidogo ni kodi iliyowekwa juu ya mtu ambaye fedha yake huja kwa matone. Iko katika mafuta, katika sukari ya robo, katika kipande cha sabuni, katika mkebe wa makaa, katika sabuni ya unga ya pakiti ndogo. Pakiti ndogo tena yafaa kutazamwa vizuri. Wakati mwingine bei husimama pale pale nawe wafurahi, kumbe uzito ndio ulioshuka. Soma gramu zilizoandikwa, usitazame ukubwa wa karatasi.

Hapa tuseme neno moja kwa haki juu ya mwenye duka, maana ni desturi ya watu wengi kumfanya adui. Yeye naye hununua kwa mwingine, hulipia mkokoteni, hulipa kodi ya kibanda, na ana daftari la madeni. Katika daftari hilo mna majina ya watu waliohama usiku. Hasara ya hao hailipi mwenye duka peke yake, hulipwa na kila anunuaye, hata yule anayelipa taslimu. Kwa hiyo mkienda na fedha mkononi, hasa mkiwa wawili au watatu mnaotaka kitu kimoja, mna haki ya kumwuliza bei ya taslimu. Wengi hawaulizi kwa kuona haya. Mwenye duka haoni haya kuuliza lini utalipa. Lakini tusimwache kabisa, maana usiku mtoto akishikwa na homa, huyo ndiye atakayekupa bila kukuuliza peslipu.

Dawa ya kidogo kidogo ni kununua pamoja. Akina mama wa idara ya upakiaji wamekwisha kuijaribu, na tumewaomba ruhusa kueleza. Walikuwa watu tisa. Walichanga, wawili wakaenda Nyamakima asubuhi ya siku ya mapumziko, wakanunua gunia la maharagwe la kilo 90, kila mtu akapata kilo kumi. Tuseme gunia lilikuwa shilingi 10,800, basi kilo ni shilingi 120. Mtaani kwao walikuwa wakinunua kwa kikombe, na walipokipima kikombe hicho walipata gramu 200 kwa shilingi 30, yaani shilingi 150 kwa kilo. Faida ni shilingi 300 kwa kila mtu. Lakini msipige makofi bado. Nauli ya wale wawili na mkokoteni vilikuwa shilingi 360, vikagawanywa kwa watu tisa, shilingi 40 kila mmoja. Faida ya kweli ni shilingi 260. Hiyo ndiyo hesabu tunayoitaka. Mtu anayepanda matatu kwa shilingi 100 kwenda kuokoa shilingi 60 sokoni amefanya matembezi, hakufanya biashara.

Mambo matatu waliyafunza wale tisa, na yafaa mtu kuyajua kabla hajaanza. Kwanza walinunua mizani ya kuning'iniza, ya pamoja, maana kugawa gunia kwa kukisia kwa macho huvunja urafiki wa miaka kumi. Pili, maharagwe huliwa na wadudu. Yaanikwe juani vizuri, kisha yatiwe katika chombo chenye kifuniko kinachobana, yakijaa hadi juu ili hewa isiwe nyingi ndani. Yale ya gunia lililoachwa wazi pembeni huwa unga baada ya miezi michache, na hapo faida yote imeliwa na fukusi. Tatu, mwenye kushika fedha si yeye aendaye kununua, na risiti husomwa mbele ya wote. Hatusemi hivyo kwa kushuku mtu. Mtu mwaminifu ndiye anayehitaji risiti zaidi, maana mwizi hujitetea bila risiti.

Jambo hili si jipya, wala si la Nairobi peke yake. Katika mji wa Rochdale, kaskazini ya Uingereza, wako wafanyakazi 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, ambao mwaka wa 1844 walianza duka lao. Watu wa kazi ile walikuwa wamedai nyongeza wakashindwa. Maduka ya siku zile yaliuza kwa deni, na unga ulichanganywa na takataka, na mizani ilikuwa ya kutiliwa shaka. Wakachanga peni mbili mbili kwa juma mpaka wakapata pauni 28. Jioni ya tarehe 21 Desemba 1844 walifungua mlango, na ndani mlikuwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa michache. Watu walikuja kuwacheka. Sheria zao zilikuwa chache: kulipa taslimu, vitu safi, uzito kamili, na faida igawanywe kwa kadiri ya ununuzi wa kila mtu. Vyama vingi vya ushirika duniani, na vya nchi yetu pia, vimejifunza katika sheria hizo. Twawataja kwa sababu ya zile peni mbili. Walianza kwa kuchanga.

Maana swali mtakalouliza ni hili, na ni swali la haki: hizo shilingi 1,200 za gunia zitatoka wapi, nami sina za kesho? Jibu letu si tamu. Mtu akiweka kando shilingi 20 kila siku ya kazi, atazifikia siku ya sitini. Ni zaidi ya miezi miwili ya kutoona kitu chochote. Wale wa upakiaji walipata njia iliyo fupi kidogo: walingoja mwezi wa kazi nyingi, wakakubaliana kwamba malipo ya ovataimu ya juma moja hayataingia nyumbani ila yatakwenda kwa gunia. Ovataimu ni fedha ambayo nyumba haijaizoea, kwa hiyo kutokuwako kwake hakuumizi sana. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Kwa kuwa maharagwe ya mwezi yalikuwapo tayari, zile shilingi za vikombe vya kila siku zilibaki mikononi, zikawa ndizo za gunia lijalo. Mzigo ni ule wa kwanza tu. Mwanzo usifanywe kwa mkopo, na sababu yake tutaieleza mbele.

Lakini si kila kilicho rahisi chanunulika. Kuhusu mahindi twasema kwa nguvu. Kununua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka kinu cha posho ni jambo jema. Unga wake una nguvu na mara nyingi hupunguza gharama. Lakini tazama kwanza kitako cha gorogoro kama hakijabonyezwa kwa ndani. Kisha uyashike mahindi. Yakiwa na unyevu, au ukungu, au yamebadilika rangi, yaache hata yakiwa nusu ya bei. Mwaka wa 2004, katika Makueni na Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iliyokuwa katika mahindi, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Tena kusaga hakuiondoi, huificha tu.

Habari ya makaa na gesi. Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani yake hula makaa kidogo kuliko lile la bati tupu, nalo hurudisha bei yake kabla halijachoka. Maharagwe yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe, yapikwe mengi mara moja. Wako wanaotumia kikapu, na twakisifu: unachukua kikapu kikubwa, unakitandika ndani blanketi kuukuu au vitambaa vingi, pande zote na chini, na mto wa kufunika juu. Sufuria ikichemka vizuri, unaitoa motoni na kifuniko chake, unaifunika ndani ya kikapu, nayo huendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe bila makaa. Wali huiva kabisa. Maharagwe, hasa yale mekundu, lazima yachemke kwa nguvu motoni dakika kumi au zaidi kabla ya kutiwa kikapuni, maana mabichi yake yana sumu inayoumiza tumbo. Na neno lingine lisilo la fedha: mtu asilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa ili kuokoa blanketi. Moshi wake usioonekana huua. Kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo, na hatutaki kuchanga mchango wa namna hiyo katika tawi hili.

Juu ya nauli hatutamwambia mtu atembee. Wengi wenu mnatembea tayari, kutoka Mukuru mpaka langoni, kwenda na kurudi, na viatu vyenu vyaonyesha. Kwa viatu hivyo tuseme tu: soli iliyoshonwa ni bora kuliko iliyogandishwa, na fundi akitia mshono mapema hutoza kidogo kuliko akingoja mpaka mdomo wa kiatu umefunguka. Nguo za mitumba zitazameni kwapani na mapajani, ndiko zinakokwisha.

Stima. Wengi mwakaa katika ploti yenye mita moja kwa vyumba kumi. Katika bei za stima zilizotangazwa mwaka wa 2023, nyumba za kukaa ziligawanywa kwa madaraja: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaozidi hapo mpaka 100, na wanaozidi 100, na kila daraja la juu lililipa bei kubwa kwa yuniti. Chumba chenye taa mbili na redio ni cha daraja la chini. Lakini vyumba kumi juu ya mita moja huhesabiwa kama nyumba moja kubwa, na kila mtu hulipa bei ya tajiri. Wapangaji wa ploti moja wakienda kwa mwenye nyumba pamoja kuomba kila chumba kiwe na mita yake, husikilizwa kuliko mmoja mmoja. Hii ni kazi ya chama vilevile, ingawa hakina kadi.

Sasa simu. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila kelele. Kutoa fedha kwa wakala kuna ada, na ada hizo hupangwa kwa madaraja. Mtu akitoa mara tano kidogo kidogo hulipa ada mara tano, na pengine angetoa mara moja kiasi chote kwa ada moja ya daraja lile lile. Tazameni bango la ada lililobandikwa kwa wakala, msome mistari yake. Na duka linalopokea malipo kwa simu kwa namba ya kununulia bidhaa halikutozi wewe mnunuzi, kwa hiyo hakuna haja ya kutoa fedha kwa wakala ili ukalipe pale pale jirani.

Mkopo wa simu ni habari nyingine. Twajua kwa nini watu huupenda: hauulizi kitu, huja usiku, hakuna anayekuona. Ugonjwa ukibisha, hatuna neno. Lakini tuuhesabu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Watu husikia saba na nusu wakadhani ni kidogo. Chukua shilingi 10,000. Mwisho wa mwezi ulipe 10,750, kisha, kwa kuwa mfuko umebaki mtupu, ukope tena 10,000 siku ile ile, na hivyo hivyo mwaka mzima. Ada peke yake ni 750 mara kumi na mbili, shilingi 9,000, na deni la 10,000 bado lakungoja. Sacco inayotoza asilimia moja kwa mwezi juu ya deni lililobaki ingetoza shilingi 1,200 hata kama deni lisingepungua mwaka mzima, na kama ungelipunguza sawasawa kila mwezi ungelipa riba ya shilingi 650 tu. Iko mikopo ya simu iliyo ghali kuliko mfano huu, yenye ada ya kila siku. Swali la kumwuliza mkopeshaji yeyote ni moja: kwa mwaka ni shilingi ngapi? Ndiyo sababu tumesema gunia la kwanza lisinunuliwe kwa mkopo. Ada ya namna hiyo hula sehemu ya faida ya shilingi 260, na ukikopa tena na tena huimaliza.

Tumebakiza karatasi ya mshahara, nayo tumeiweka nyuma kwa makusudi, maana wengi huikunja bila kuisoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka tajiri akupe maelezo ya mshahara na kila kato, na yakataza makato yote pamoja kupita theluthi mbili za mshahara wako. Ukipokea chini ya theluthi moja, njoo ofisini na karatasi hiyo. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii, SHIF, hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kutoka kwako, na tajiri hulipa asilimia 1.5 yake mwenyewe. Hana ruhusa kukutwika sehemu yake. Halafu kuna jambo ambalo wengine hawajalisikia. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, SHIF na ushuru wa nyumba huondolewa katika mshahara kwanza, ndipo kodi ya PAYE ipigiwe hesabu juu ya kinachobaki. Kabla ya hapo haikuwa hivyo, na karani asiyebadilisha hesabu yake angali anakukata kodi juu ya fedha usizozipata.

Tuone kwa mfano, kwa viwango vya mwaka wa 2025. Mshahara shilingi 30,000. NSSF ni asilimia 6, shilingi 1,800. SHIF ni 825 na nyumba ni 450, jumla 1,275. Hesabu ikifanywa vizuri, kodi baada ya nafuu ya 2,400 ni shilingi 731 na senti 25. Ikifanywa bila kuondoa SHIF na nyumba kwanza ni shilingi 1,050. Tofauti ni shilingi 318 na senti 75 kwa mwezi. Ulinganishe na zile 360 za mafuta. Huyu alikwenda kwa muuzaji wa jumla, akabeba mtungi begani. Huyu aliketi tu akasoma karatasi. Twawaomba msome karatasi kwanza, mtungi baadaye.

Ndugu, yaliyobaki ni matengenezo. Mizani ya kuning'iniza itakuwa katika ofisi ya tawi kila Jumamosi saa saba hadi saa kumi, na mtu yeyote aweza kuja na kikombe chake, au pakiti yake, apime bila kuulizwa kitu. Wanaotaka kuingia katika vikundi vya watu tisa wampe mwakilishi wa idara yao majina kabla ya tarehe 20, na kila kikundi kichague mshika fedha wake na wanunuzi wake wawili; Halmashauri haitashika fedha ya kikundi hata kimoja. Kikundi cha mafuta kitaanza chenyewe, watu kumi kwa mtungi mmoja, na kila mtu aje na chupa safi iliyokauka. Wenye karatasi za mshahara za miezi mitatu iliyopita wazilete siku hiyo hiyo, tutakuwa na watu wawili wa kupiga hesabu. Wa zamu ya usiku wasioweza kuja Jumamosi wamwachie mwakilishi nakala, si karatasi yenyewe.